Mkufunzi Mwenye Meno Mawili

Mimi sijawahi kumwelewa mtu anayekimbia bila kufukuzwa. Ukiniona nakimbia, jua nyuma yangu kuna mbwa, au mvua inakuja na nguo ziko kwenye kamba. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomkuta wifi yangu sebuleni, kabla hata jua halijatoka, amevaa bukta ya mumewe na raba zilizolala uvunguni tangu kabla ya ujauzito, nilishtuka.

"Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, wifi. Naenda kukimbia."

"Kumkimbia nani?"

Aliinama kufunga kamba za viatu, kazi iliyomchukua muda kwa sababu tumbo alilobaki nalo baada ya kujifungua lilikuwa linamzuia kuiona miguu yake, kisha akatoka.

Wifi yangu ni dereva wa lori jeshini. Cheo chake koplo, na kwa ufupi wake, akikaa kwenye usukani mtu wa nje anaona kofia tu. Mdogo wangu alipomuoa, mimi ambaye ni fundi cherehani nilimpa zawadi ya mto wa kukalia, mnene, wa kitambaa cha kijani ili ufanane na magwanda yao. Kwa mto ule alilipandisha lori milima na kulivusha matope, na alilipenda kupita kiasi. Mdogo wangu, ambaye ni kinyozi na mdomo wake haupumziki, aliwahi kunilalamikia kwamba mkewe akiota anaita lori, haiti mume.

Akajifungua. Mtoto alichukua jina la marehemu baba yetu, na kwa heshima hiyo hakuna anayemwita kwa jina, sote tunamwita Mzee. Uzee wenyewe anao: kipara, videvu viwili na meno mawili tu. Mimi nilikuja kusaidia kwa siku chache, nikaja na cherehani yangu, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuniuliza naondoka lini.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, wifi akarudi kambini na kukuta lori lake limepewa kijana mmoja anayeitwa Shingo, kwa sababu unazozielewa ukimwona tu. Yeye akapelekwa stoo kukunja blanketi. Jioni ile alirudi na ule mto kwapani, akauweka kwenye kiti cha dirishani, na tangu hapo hakuna aliyekikalia kile kiti. Kibaya zaidi, lori hupita barabara ya nyumbani kwetu kila jioni. Unalisikia likiwa mbali, Shingo anabadilisha gia kama anayepasua kuni. Wifi, hata awe na sufuria mkononi, alikuwa anasimama hapo hapo na kufumba macho.

"Analiua," alisema. "Wifi, huyu mtoto wa watu analiua."

Nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia. Mawifi hatuanzi na huruma.

Ndipo lilipotoka tangazo la kipimo cha utimamu wa mwili kwa madereva wote, mbio na pushapu. Anayefaulu anashika usukani. Anayeshindwa anakaa stoo mpaka mwaka mwingine, na gari lake linabaki kwa mtu mwingine. Kwa hiyo wifi yangu alikuwa na mambo mawili mbele yake: lile lori, au blanketi.

Safari ya kwanza ya mbio iliishia dukani pale kwenye kona, mahali ambapo mimi hufika na ndara nikiwa napiga miayo. Alifika akiwa hoi, ulimi nje, akashika kaunta kwa mikono miwili. Mwenye duka akamwuliza kwa upole, "Karibu afande, nikupe nini?" Na wifi, badala ya kusema ukweli kwamba amekuja kufia pale, aliona aibu. Akatoa sarafu, akanunua kiberiti.

Kesho yake kiberiti. Keshokutwa kiberiti. Mwenye duka akawa anakiweka tayari kwenye kaunta akimwona anakuja kwa mbali. Viberiti vikajaa kabatini, vikajaa juu ya friji, nikaanza kuvikuta hata kwenye droo yangu ya vifungo.

"Mna mpango wa kuchoma mji?" aliuliza mdogo wangu.

Kisha asubuhi moja alirudi mikono mitupu. Jasho linamtiririka, macho yanang'aa. "Nimelipita duka," alisema. "Amenipungia kiberiti, nikampungia mkono." Nilijikuta nampigia makofi, mimi niliyekuwa nacheka mbio za bure.

Pushapu ndizo zilizomtesa. Alitandika mkeka sebuleni, akaweka mikono, akashuka, na huko chini akabaki. Mdogo wangu, ambaye kazi yake nzito kuliko zote ni kuinua mkasi, akasema hizo ni mbinu tu, sogeeni awaonyeshe. Alishuka kwa mbwembwe. Mgongo ukalia kitu mfano wa bawaba, na tulimwinua mimi na mkewe, mmoja huku mmoja huku, tukamlaza kwenye kochi. Siku mbili alinyoa watu akiwa ameketi, na wateja ndio walipiga magoti.

Mkombozi akawa Mzee. Alikuwa haoni raha mama yake akiwa chini halafu yeye ameachwa pembeni, basi siku moja, ili anyamaze, wifi akamlaza chali pale mkekani, katikati ya mikono yake. Akashuka, akambusu tumboni, mwaa! Mzee akaangua kicheko, meno yake mawili yote nje. Wifi akapanda. Mzee akanuna. Wifi akashuka, mwaa! Kicheko. Ikawa hivyo kila jioni baada ya lori kupita. Akipumzika kidogo tu, Mzee anapiga yowe la kuita majirani, na mwalimu gani wa mazoezi anamzidi hapo? Mimi nilikaa kwenye cherehani nikihesabu kwa sauti, na hesabu ikawa inapanda wiki baada ya wiki. Mwishoni wifi alikuwa anapiga pushapu huku anapiga soga.

"Naona nguvu zinarudi, wifi," aliniambia.

"Zinarudi," nikasema, na nikamwongeza Mzee uji. Kumnenepesha yule mtoto ndiyo ilikuwa fahari yangu.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kambini wakafanya jaribio. Msimamizi alikuwa sajenti mmoja mwanamke, mrefu, mkavu, kambi nzima wanamwita Ngumi, maana huiweka ngumi yake chini ya kifua chako, na kifua kisipoigusa, hakuhesabii. Wifi aliondoka asubuhi akiimba. Alirudi jioni amenywea.

"Amenipa sifuri."

"Sifuri ya nini?"

"Ya pushapu. Nimepiga mpaka mikono imekufa ganzi, yeye anasema sifuri, sifuri, sifuri. Halafu ananiambia, 'Koplo, hapa tunashuka mpaka chini, hatuchungulii.'"

Nilisimama, nikatafuta viatu vyangu. Nilitaka kwenda huko kambini nikaulize ni wivu wa nini huo. Shahidi nilikuwa mimi! Nimehesabu kila moja kwa mdomo wangu!

"Hebu kwanza piga mbili tuone," alisema mdogo wangu kutoka kwenye kochi.

Wifi akapiga magoti, akaweka mikono kwenye mkeka mtupu. Alishuka, akasimama katikati ya safari, akabusu hewa, mwaa, akapanda.

"Mbona unaishia hapo?" mumewe akauliza.

"Si Mzee yuko..."

Sote tuligeuka kumtazama Mzee. Alikuwa mapajani kwangu, tumbo limejaa, anacheua uji kwa starehe zake.

Nililiangalia lile tumbo, nikakumbuka lilivyokuwa tulipoanza na lilivyo sasa, na nikaelewa yote. Wifi hakuwa ameongeza nguvu hata chembe. Mtoto ndiye aliyeongezeka. Kila nilipompa kikombe cha uji, tumbo lilipanda, na mama yake akawa ana safari fupi zaidi ya kulifikia. Kama ningeendelea hivyo mwezi mwingine, angekuwa anapiga pushapu kwa kutikisa kichwa.

Mdogo wangu alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Mimi nikamfuata, mbavu sina. Wifi hakucheka. Aliketi mkekani akatazama ule mto wa kijani kwenye kiti, machozi yakamlenga, nami nikaacha kucheka.

"Wiki mbili," alisema. "Nianze upya kwa wiki mbili."

Tulijaribu bila Mzee. Haikuwezekana, alilia mpaka akabadilika rangi. Tukampeleka chumbani, akalia huko. Mwisho wifi akaniambia, "Lete mbeleko. Nifunge naye mgongoni."

"Utamwangusha baba yangu!"

"Wewe ndiye unafunga, wifi. Unajiamini au hujiamini?"

Hapo alinipata. Nilifunga fundo ambalo hata mimi nilipata shida kulifungua. Akashuka na mzigo wake wote, kifua kikagusa mkeka, na wote wawili wakakaa huko chini. Mzee alifurahi sana. Alimshika mamake masikio, akawa anaruka ruka kama aliyepanda punda. Siku ya kwanza aliinuka mara moja tu, tena kwa kelele. Lakini alijikaza. Kila jioni lori likipita na zile gia zake, alikunja uso na kushuka tena. Na mimi uji sikuupunguza. Mzigo ulizidi kuwa mzito, safari hii kwa faida.

Siku ya kipimo nilikwenda, kwa sababu Mzee bado ananyonya na hana adabu akiwa na njaa. Mlinzi wa getini aliniruhusu kukaa nje ya uzio wa uwanja, Mzee mgongoni.

Mbio zilianza. Wifi alikwenda mwendo wake wa wastani, hatazami mtu. Kwenye kona ya uwanja kuna kibanda cha mlinzi chenye dirisha, na kila alipokifikia nilimwona mkono unakwenda mfukoni kutafuta sarafu. Lakini hakusimama. Alimaliza ndani ya muda, hoi, na aliyemtangulia alikuwa Shingo, aliyemaliza zamani na sasa anajinyoosha.

Zikaja pushapu. Shingo aliitwa kwanza. Alipeleka kidevu chini kwa haraka ya ajabu huku kifua kikibaki juu na mambo yake. "Sifuri," alisema Ngumi. "Sifuri. Sifuri. Kijana, inuka, utavunjika hiyo shingo." Sikufurahi. Haya, nilifurahi.

Wifi akaitwa. Ngumi akaweka ngumi. Wifi akashuka mpaka chini kabisa, na mazoea yakamshinda: mwaa! Akabusu nyasi. Ngumi akamtazama, lakini akahesabu. Akashuka, mwaa, ikahesabiwa. Madereva waliokuwa kwenye foleni wakaanza kubana vicheko. Hakujali. Bila Mzee mgongoni alikuwa mwepesi, anapanda na kushuka utadhani anafua.

Zikabaki mbili kufikia idadi inayotakiwa. Hapo mikono ikaanza kumtetemeka. Alisimama juu, viwiko vimenyooka, jasho linadondoka puani, na hakushuka. Nilijua kwamba magoti yakigusa ardhi, basi tena, ni blanketi. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Mzee yeye hakukosa sauti. Alichungulia juu ya bega langu, akaona mamake amepumzika, jambo ambalo kwake ni kosa kubwa, akapiga yowe la kutoboa masikio.

"Nani huyo?" Ngumi aliuliza bila kuinua uso.

"Ni mkufunzi wake, afande," nikajibu.

Wifi akashuka. Akainuka. Mzee bado analia. Akashuka tena, akainuka nusu, akakaa hapo nusu kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, akainuka yote, kisha akaanguka kifudifudi. Ngumi alisimama, akaandika. "Umefaulu, Koplo," alisema. "Tema nyasi." Akageuka upesi, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Jumatatu wifi aliondoka na mto wake kwapani. Jioni nikiwa kwenye cherehani nililisikia lori likija kwa mbali, nikasubiri ile kelele. Haikuja. Gia iliingia kimya, kama sindano kwenye pamba. Nilikwenda dirishani nikaona kofia tu ikipita, nikalia kwa furaha, na wala sioni haya kusema.

Akapiga honi mara mbili. Mzee akaijua. Akatazama mlango, mama hakuingia, maana lori la jeshi halisimami nyumbani kwa mtu. Akatazama mkeka. Saa yake ya pushapu ilikuwa imefika, na alianza kulia. Nilimpa uji, akautema. Nilimwimbia, nikamtikisia kiberiti, wapi.

Nikafunga mlango. Nikavuta pazia. Nikamlaza Mzee chali mkekani, nikaangalia huku na huku, nikaweka mikono chini.

Kushuka nilishuka vizuri tu, nikambusu tumbo, mwaa, akacheka. Kuinuka, nilimsubiri mdogo wangu arudi kutoka kazini.