Barabara Iliyochorwa Wakati wa Mvua

Mlio ulianza kama shuka kuukuu linalochanwa polepole. Nilikuwa nimesimama kwenye barabara mpya iliyokatwa ubavuni mwa kilima, upande wa Chepseon, nikipima upana wa mtaro, nikadhani ni lori linalopanda. Kisha mizizi ikaanza kukatika, na ukingo wote wa juu ukateremka, ukavuka barabara na kusimama nyuma ya jiko la Bi. Rael, mama anayeishi bondeni. Hakuna aliyeumia. Lakini kuanzia hapo, kila mvua iliponyesha nililala nikisikiliza.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa mipango ya uchukuzi. Kampuni niliyokuwa nikifanyia mafunzo ilikuwa imeshachora kipande cha pili cha barabara hiyo, juu ya nyumba zile zile, na mimi nilitakiwa kuandika sura ya mazingira ili iambatanishwe na mchoro uliokwisha kamilika. Nilianza sentensi ya kwanza mara nyingi na kuifuta. Hatimaye nilimwomba mkuu wangu, Injinia Barasa, ruhusa ya kwenda Kimulot kuona barabara ya kusafirishia majani chai iliyosifiwa kwamba mvua haiiwezi. Sikumwambia kwamba nilikuwa nikifikiria pia kuacha masomo.

Asubuhi dada yangu alinichukua kwa gari lake kutoka Kericho. Mashamba makubwa yalikuwa yamekatwa sawasawa kama zulia, na wachumaji walikuwa wamezama hadi kiunoni ndani ya kijani. Baada ya Litein mashamba yakawa madogo: chai, mahindi, ng'ombe wawili, chai tena. Vilima vilisogeleana. Nilijikuta nikikagua kila ukingo tuliopita, nikitafuta nyufa.

“Wanjiru, angalia na maua basi,” dada alisema.

Kimulot tulifika mchana, mvua ikianza. Mwenyeji wetu, Mama Chebet, mkulima wa chai na mwenyekiti wa kokwet, yaani baraza la majirani wa kilima kimoja, alitupokea mlangoni.

“Chamgei! Ingieni, ingieni. Huyu ndiye daktari wa barabara? Mbona amekonda hivi? Kunyweni mursik kwanza, barabara haitoroki.”

Tulikunywa maziwa yale yenye ladha ya moshi, kisha akanitupia gambuti, buti za mpira za mvua, na tukatoka. Barabara haikuwa na lami, ila ilikuwa imara, nayo ilijipinda mahali ambapo mimi ningeinyoosha. Lori la majani lilitupita likipanda bila kuteleza. Nilimuuliza ni nani aliyeamua mipinda ile.

“Maji,” alijibu. “Hawa wa kaunti walikuja na afisa wa mazingira kabla ya kuchora kitu. Walikuja wakati wa kiangazi, kilima imekauka kabisa. Kokwet ikakataa. Tukawaambia, rudini mvua ikinyesha. Na wakarudi!”

Siku hiyo ya mvua, alinisimulia, kokwet iliagiza kila familia isimame kwa maji yake: penye chemchemi, penye tope lisilokauka, penye mkondo unaotokea Aprili na kupotea. Wapimaji walisimama kwenye kilima cha ng'ambo. Ubavu mzima ulijaa miavuli na magunia ya plastiki vichwani, na mstari wa barabara ukatafutwa pale pasipokuwa na mtu.

Nilisimama nikiutazama ubavu ule mtupu kwa muda mrefu. Nimesoma mbinu nyingi za kukusanya data. Sijaona iliyo nzuri kuliko hii. Nilivutiwa na werevu wake, na zaidi na mpangilio wake: mazingira yalisema kwanza, kalamu ikafuata.

Mzee mmoja jirani, Arap Soi, alikuwa akichuma chai kando ya barabara. Mama Chebet alimwita atuambie kilichompata.

“Hii barabara ilikula chai yangu, mistari mingi,” alisema bila kuacha kuchuma. “Ingepita kwa huyu mama, lakini yeye alikuwa amesimama hapo na mwavuli kama askari.”

“Si ulilipwa, mzee?” Mama Chebet alimuuliza.

“Nililipwa. Lakini lazima ninung'unike, si ni chai yangu?”

Walicheka wote wawili. Nilimuuliza kama angekubali tena. Alitazama chini, kwenye chemchemi iliyofunikwa na miti ya tebeswet ambayo haikuguswa. “Ng'ombe wangu wanakunywa hapo,” alisema. “Nikatae niwapeleke wapi?”

Jioni, njiani kurudi, nilielewa kilichonitesa. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kuiandika vizuri sura ambayo wakati wake ulikuwa umepita. Kosa halikuwa katika maneno, lilikuwa katika zamu: kalamu ilitangulia maji. Mchoro ungewasilishwa wiki iliyofuata, na baada ya hapo nyumba ya Bi. Rael ingebaki chini ya mkato wa pili. Nilimwomba dada asimamishe gari karibu na Litein, nikapiga simu.

“Injinia, sura ya mazingira siiandiki,” nilisema. “Naomba mchoro usiwasilishwe. Twende kwanza tukaone maji yanapita wapi, wenyeji wakiwa wamesimama hapo.”

“Wanjiru, mstari umeshachorwa.”

“Najua. Na ukipita hapo, ukingo utaanguka tena, na safari hii hautasimama nyuma ya jiko.”

Nilihisi nimeshafukuzwa. Kisha akakohoa.

“Mvua huko Chepseon imeanza?”

“Imeanza.”

“Basi waite watu Alhamisi. Na unitafutie gambuti. Mimi navaa namba tisa.”