Chunusi za shavu la kushoto

Wakuu wa ukurasa huu, salaam. Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Shule niliishia la saba na mkono wangu ni mzito. Lakini haya ni ya kweli, yamenipata mwenyewe hapa Kampala.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, Old Kampala. Nakaa Makindye, chumba ambamo tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu. Kaka alitoka asubuhi moja kwenda kazini, hajarudi. Juu ya hilo siandiki zaidi.

Tangu hapo chunusi zikaanza kunitoka. Ngumu, zenye usaha, shavu la kushoto tu. La kulia safi kama la mtoto.

Wengine walisema ni karanga. Wengine jua. Nikaacha karanga, nikawa natembea upande wa kivuli. Wapi.

Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani anayeuza maandazi, alicheka. "Mdogo wangu, hiyo ni damu ya ujana. Tafuta bibi."

"Nani atanitaka na uso huu?"

"Basi mwonyeshe shavu la kulia."

Nilicheka pia. Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango.

Ndipo mama yangu, yuko Arua, akatuma neno kwa dereva wa basi. Alisema barua zangu haziamini tena, maana barua anaweza kuandika yeyote. Anataka foto.

Nikachelewesha. Sikutaka aone uso ule.

Akatuma tena: "Kama hakuna foto, basi nimeelewa."

Kesho yake nilikwenda studio, Kansanga, nikasema nataka picha ya kumtumia mama. Mpiga picha, mzee mpole, alinikalisha kwenye stuli, akaenda nyuma ya kamera. Akatoka.

"Kijana, shusha mkono."

Sikujua mkono gani.

"Huo wa shavuni. Ukishika tama hivyo mama yako ataanza matanga."

Nikashusha. Akarudi kwenye kamera, akatoka tena. Kumbe mkono ulikuwa umerudi wenyewe. Akakishika kiganja changu cha kushoto, akakigeuza. Kilikuwa cheusi kwa mafuta ya cherehani. Akatazama kiganja, akatazama shavu.

"Huwa unakaa hivi?"

Kutwa, wakuu. Nikishatia mashine mafuta nakaa hivyo, natazama mlango. Kila anayeingia namtazama kwanza kama ni kaka.

"Basi huo mkono ukalie," akasema. Nikaukalia, akapiga.

Siku hizi sabuni ni shida, mnajua, lakini nanawa hata kwa majivu kabla sijagusa uso. Na nikiukuta mkono shavuni naushusha. Chunusi hazijaisha, zimepungua sana. Sisemi kwamba kila mtu ni hivyo. Mwingine labda ni kofia yenye jasho, au mafuta ya nywele. Tazameni tu kinachogusa uso wenu kila siku.

Foto ilipomfikia, mama alijibu. Juu ya chunusi hakusema neno. Aliuliza, "Mkono wako wa kushoto uko wapi? Umeumia?"

Sijamjibu bado. Sijui nianzie wapi.

Shida ni kwamba sasa mkono huu hauna pa kukaa. Nikiwa peke yangu dukani nauona tu uko hapo mezani.

Kama yamewahi kuwapata, niandikieni. Hata wenye uso safi, andikeni. Barua nitaisoma nikiishika kwa mikono miwili.