Gunia Lililotikisa Kichwa

Harufu ya maua ya pareto yaliyokauka hunirudisha Njoro popote nilipo, nami nimekuwa mahali pengi. Gunia la pareto likipita karibu, nakuwa tena msichana wa miaka kumi na mmoja, uso wangu ukiwa ndani yake.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka wapigania uhuru. Shule yetu ilikuwa banda katika shamba la mzungu, na mwalimu, kijana mgeni kutoka upande wa ziwa kubwa, alikuwa ametunga mchezo wa huzuni kuhusu Roma ya kale. Katika onyesho la kwanza mfalme ameuawa. Askari wanawapanga raia, na mpiga ramli aliyefunikwa uso anawatazama mmoja mmoja. Akimtikisia mtu kichwa, huyo ndiye msaliti.

Wavulana walijifunga mashuka. Rafiki yangu Nyambura akawaambia wanafanana na wagonjwa waliotoroka hospitali. Mimi, niliyepewa nafasi ya mpiga ramli, sikuwa na shuka, nikachukua gunia nikalitoboa matundu mawili. Siku za msako sisi watoto tulifungiwa ndani. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakinong'ona kwamba gunia limemchukua fulani, nikadhani ni zimwi la kututisha tulale mapema.

Baba alikuwa na miezi mitatu tu tangu atoke kizuizini. Miaka miwili sikumwona, na aliporudi alikuwa mtu wa kukaa akitazama mlango. Nilitaka jambo moja tu: anione, afurahi.

Alasiri ile wazazi walijaa kwenye mabenchi. Nilipotokea, vicheko vilikatika kama maji ya mfereji uliofungwa. Nilidhani ni heshima. Kupitia matundu nikamwona baba safu ya pili, na kwa furaha nikasahau Roma. Nikamtikisia kichwa, kumwamkia.

Baba alisimama. Akavua koti, akamkabidhi mama bila kumtazama. Akaweka mikono kichwani, akaja mbele, akachuchumaa miguuni pangu.

"Baba Wambui, ni watoto," mama alisema. "Ni watoto tu."

Hakusikia. Nikalivua gunia haraka, nywele zangu zimejaa vumbi la pareto. Akainua uso.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Mwalimu, ambaye hakuelewa, alipiga makofi peke yake. Onyesho la pili halikuchezwa.

Muhula uliofuata niliacha shule, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda mrefu. Baba alikuwa amekwisha kufa mama aliponieleza kwamba yule aliyevaa gunia akamtikisia kichwa mbele ya askari siku ya msako alikuwa mtu wa karibu, mtu wa kula naye sahani moja, na kwamba baba alirudi nyumbani akiyatafuta macho yale katika uso wa kila aliyemkaribisha chai. Hakuwahi kuyapata.

Siku ile mimi sikujua. Aliposema vile, nilitabasamu, kwa sababu nilidhani hatimaye baba amenitambua.