Gunia Lililosomeka Kilo Kumi na Nane

Nikipita Laela na basi huwa najifanya nimelala, maana pale stendi ndipo nilipoitwa mwizi wa mizani mbele za watu, na kosa lilikuwa langu.

Kazi yangu hapa Sumbawanga ni kuwaandikia watengenezaji wa programu miongozo kwa Kiswahili, na safari hiyo nilikuwa naeleza jinsi sehemu mbili za programu zinavyopeana habari bila kufuli, yaani bila moja kuifungia nyingine mlango. Mfano wangu: ya kwanza inaandika uzito, kisha inainua bendera kwamba tayari, ya pili ikiiona bendera inasoma uzito. Sasa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, usipoikataza inaweza kupangua mfuatano huo, nami nilijua (nilisoma kabisa), lakini kwenye kompyuta yangu mfano ulikwenda vizuri siku nzima, nikaona aya ya kukataza itawachosha wasomaji, nikaifuta.

Rafiki yangu Kenani akaufuata mwongozo ulivyo, akatengeneza programu ya simu ya kusoma mizani ya nafaka, akanialika uzinduzi kwa mnunuzi mmoja wa nafaka pale stendi ya Laela (nilivaa koti, mnielewe). Kumbe prosesa za simu zinapangua zaidi kuliko ile yangu. Mama mmoja akapima ndoo yake ya ulezi, simu ikatangaza kilo kumi na nane, tukapigiwa makofi. Akafuata mzee mmoja mfugaji na gunia la mahindi lililobebwa na watu wawili, bendera ikapanda kabla uzito mpya haujafika, simu ikatangaza kilo kumi na nane.

"Kijana," akasema mzee, "gunia langu na ile ndoo ni sawa?"

"Shikamoo mzee," nikajibu, sijui kwa nini.

"Marahaba. Pima tena."

Tukapima, ikasoma vizuri, na hapo ndipo tulipoharibu kabisa, kwa sababu mizani yenye maneno mawili wakulima wanaifahamu. "Kumbe wanachagua wa kumpunja," akasema mtu kwenye foleni. Nikaanza kueleza habari za prosesa, nikaeleza mpaka nikajichoka mwenyewe.

"Kwa hiyo ulijua?" mzee akauliza.

"Nilijua."

Akalipeleka gunia lake kwa mnunuzi wa jirani, foleni nzima ikamfuata, Kenani akabaki anakunja waya bila kunitazama.

Nimeapa sitaandika tena "nimejaribu, inafanya kazi" bila kusema nilijaribu kwenye mashine gani. Kenani tunasalimiana vizuri tu, ila miongozo yake siku hizi anaandika mwenyewe.