Ua Lililogeuka Swila London

Safari yangu ilianza na boksi la viatu. Ndani yake nilifunga taji la bi harusi, kazi ya miezi miwili, nyuzi za dhahabu na shanga za buluu. Binamu yangu Nasra, mzaliwa wa London, alinitumia picha ya malkia wa Misri ya kale akasema, "Nataka kama hili." Kisha akanitumia na tiketi. Mimi mpambaji wa maharusi wa Unguja, shule niliishia kidato cha pili. Nilicheka peke yangu wiki nzima.

Jumatano mchana nikafika kwao Hayes, pembezoni mwa London, ambako ndege zinapita juu ya kamba ya nguo. Bibi Zuhura, aliyemlea Nasra tangu mchanga, akanikumbatia, akanilisha sambusa, ndipo akasema, "Haya, tulione hilo taji."

Nikafungua. Bibi akarudi nyuma.

"Astaghfirullah! Umemwekea mjukuu wangu swila kwenye paji la uso?"

"Si nyoka, bibi. Ni kikuba."

Wallahi niliamini hivyo. Kwetu bi harusi hupambwa kwa kikuba, kishada cha maua ya asumini na mrehani. Kwenye picha ya simu, kile kilichosimama juu ya paji mimi nilikiona kikuba tu, na mabawa ya pembeni nikayaona majani; nukta mbili nyekundu nikazishonea shanga.

"Kikuba gani kina macho? Havai mtu hili Jumamosi!"

"Bibi, please!" Nasra machozi yakamlenga. Nami nikajiona narudi Unguja na boksi langu limejaa vilevile.

Alhamisi asubuhi Nasra akatupandisha treni mpaka makumbusho, bibi akajionee mwenyewe. Tukasimama mbele ya malkia wa jiwe, taji lake kama lile la picha. Mlinzi wa chumba, dada Mkenya, alisikia Kiswahili akasogea.

"Huyo nyoka humlinda, shosho," akamwambia bibi. "Huwatemea moto maadui. Na hayo mabawa ni ya tumbusi."

"Mla mizoga!" Bibi akashika kifua. "Kichwani!"

"Kwao tumbusi ni alama ya mama. Anamfunika malkia kama anavyofunika kinda lake."

Bibi alisogea karibu. Aliyatazama mabawa yanavyoshuka nyuma ya masikio, taratibu, kama mkono unaopapasa nywele.

"Mabawa yabaki," akasema mwishowe. "Lakini nyoka wa kumlinda wa nini? Mimi sipo?"

Ijumaa tukanunua asumini Tooting, kwenye maduka ya Wahindi. Bibi alimfumua swila mwenyewe kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akamtoa mzima. Pale alipotoka nikashona kikuba cha kweli.

Jumamosi Nasra akaingia ukumbini, mabawa yamemkumbatia, ukumbi mzima unanukia. Vigelegele! Nyuma yake akafuata Bibi Zuhura kwa maringo, na kwenye mtandio wake mweupe, juu ya paji, kabanwa kwa pini: swila wangu, macho mekundu yanawaka.

"Bibi!" nikashangaa.

"Mlinzi lazima avae sare," akaninong'oneza, akapita.

Jumatatu nikarudi nyumbani na boksi tupu mapajani, furaha imenijaa. Sasa mteja akiniletea picha ya taji, sindano naiweka chini kwanza. Namwuliza, "Nani amekulea?" Wengi hucheka. Kisha huanza kusimulia, na mimi hapo ndipo ninapotunga uzi.