Vijibarua vya Sanjip

Msimwone Nirmaya Shakya kaketi kimya na kompyuta yake pale Patan, Nepal, juu ya duka la momo, vile vitumbua vya nyama vya mvuke, mkadhani hana ulimi. Anao, tena wa kuchonga. Ila wa kushindana naye, kaka yake Sanjip, ndiye hayupo.

Walitengeneza tovuti wawili hao. Ukurasa waliuandika kwa vijialama vya mabano, ukisoma unaona kabisa: hapa kitufe, hapa picha. Kivinjari, bwege yule, hakielewi hata kimoja. Lazima mashine ivigeuze kwanza viwe amri kavukavu za JavaScript, lugha kinayoijua. Na Sanjip alikuwa na ugonjwa wa kuchomeka vijibarua humo katikati: "Mdogo wangu, usiguse kitufe hiki kabla hujala."

"Kaka, shule ulisoma au ulipita kuchukua kivuli? Mashine ikigeuza, maneno hayo inayatupa yote!"

"Kwani naiandikia mashine? Nakuandikia wewe, mvivu."

Homa ya dengue ilipomlaza, alimshika dada yake mkono hospitalini. "Kwenye ukurasa wa kikapu cha wanunuzi nimekuachia neno. Usisome sasa, utanililia bure. Soma nikitoka."

Hakutoka kwa miguu yake. Walimbeba hadi mtoni, wanakochomea maiti.

Siku kumi na tatu za matanga Nirmaya hakugusa kompyuta. Zilipoisha tu, mteja akapiga simu: picha hazionekani. Macho yamevimba, akafanya lile ambalo wenye kazi hii hulifanya kila siku bila kufikiri: futa folda ya matokeo yaliyogeuzwa, geuza upya. Vidole vikafuta folda ya jirani, ile ya maandishi yenyewe, kwa amri isiyojua pipa la taka. Nakala ya pembeni? Sanjip alikuwa mtu wa "kesho nitaweka."

Yakabaki yaliyogeuzwa. Akayafungua: mstari mmoja mrefu kama foleni ya petroli. Akatafuta kikapu, akakipata. Akatafuta "mdogo wangu." Hakuna. Akatafuta tena, polepole, kana kwamba mashine ingeona haya. Kitufe cha Sanjip kilikuwepo, ukikibonyeza kinaitika.

Mama akaleta chiura, wali mkavu wa kupondwa, na maharage. Nirmaya akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akaanza kuuandika ukurasa upya, na juu ya kitufe akachomeka: "Kaka, nimekula."

Akaiamuru mashine igeuze. Ikageuza, ikatupa.