Maji Niliyomwonjea Papa

Kama utacheka, cheka, lakini nitaandika vile ilivyokuwa. Jua lilikuwa bado juu, na sikuwa nimelala.

Tulikaa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, chini ya uwanja wa ndege. Wakati ule wa vita vya Kongo, ndege ndogo zilikuwa zinapeleka mizigo ng'ambo, na Papa, baba yangu, alikuwa mbebaji wa mizigo hiyo. Siku ile walimwambia naye apande, akashushe magunia huko. Ndege ikaruka juu ya bati letu, halafu moteri ikazimika. Unajua kimya kile? Hata kuku walinyamaza. Ikateleza nyuma ya mikaratusi, tukasikia kishindo.

Maman akakimbia kule. Mimi aliniambia nibaki, nyumba isikae bila mtu.

Nikiwa nasali, Papa akaingia kwa mlango wa nyuma. Shati limelowa, ananuka petroli, lakini jeraha hana. Niamini, nilimshika mkono. Alisema wametua vizuri katika shamba la mtama, ana kiu tu. Kwa furaha nikampa maji hivihivi. Huku kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ujue hakuna sumu. Papa akanirudishia kikombe, anacheka kidogo.

"Unanipatia bila kuonja? Batasema mutoto wangu ameniroga."

Nikaonja. Maji yalikuwa na ladha ya petroli. Akanywa, nikaona koo likipanda na kushuka. Nilipopokea kikombe, kilikuwa kimejaa vilevile.

Ningejiuliza nini? Papa alikuwa amerudi. Mimi ambaye shuleni nilijibu kwa kunong'ona, nikatoka uani nikapaza sauti, kilima kizima kikasikia, kwamba Papa ni mzima, yuko nyumbani.

Maman alisikia. Alikuwa anapanda njia nyuma ya wanaume wanne waliobeba ingobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa, na aliyelala ndani, Maman alikuwa amemfunika mpaka usoni kwa kitenge chake mwenyewe. Akaiacha njiani. Akaja mbio, anatabasamu, akiita jina la Papa.

"Iko wapi?" akaniuliza. "Papa yako iko wapi?"

Ndani kulikuwa na kikombe tu.

Tangu hapo Maman haongei nami sana. Jioni anaweka kikombe kile mezani, anatazama mlango wa nyuma. Nami kila ninachokunywa, hata maziwa, ni petroli. Sista wa dispensari anasema ni huzuni, itapita. Haijapita.

Wewe unayesoma, mtu wako akifika nyumbani kabla ya habari zake, mpe maji anywe. Lakini usimwonjee, na usimwite mtu. Ngoja kwanza uone njia inaleta nani.